Siku ya Thelathini na Moja

Nilizilaza kifudifudi,
tumbo bapa chini, mgongo juu,
mbegu mia nne za kahawa
kwenye tuta la mchanga nyuma ya jiko, Budadiri.
Nikafunika kwa majani ya mgomba.
Mama Mutonyi akasema: siku hamsini.
Usichokore.

Maharagwe hayana adabu hii.
Ukiyapanda Jumatatu,
Jumapili yameshakupungia mkono.
Kahawa hunyamaza.
Unamwagilia mchanga, mchanga unakunywa,
unakutazama.

Siku ya thelathini na moja nilishindwa.
Nilitumia kijiko cha chai.
Ilikuwa imevimba,
ganda limelainika kama kucha baada ya kufua,
na pale kwenye ncha, mzizi:
mweupe, mfupi kuliko punje ya mchele,
umeshajua chini ni wapi.
Nani aliuambia, gizani humo?
Nikaona haya, kama niliyefungua bafu lenye mtu.
Nikairudisha.
Upande gani, sikumbuki.

Wiki ya nane mchanga ukapasuka.
Hazikutanguliza kichwa.
Zilitoka kwa mgongo, shingo imekunjwa,
kama mtu atokaye mvunguni
alikokuwa akitafuta shilingi.
Kisha zikajinyoosha, kila moja na ganda lake utosini:
askari, ndivyo tuwaitavyo,
mia tatu na ushee, kofia zimewakaza,
wanalinda mchanga mtupu.
Kofia zilipodondoka
majani mawili mawili yakakunjuka, yana makunyanzi bado,
na kikosi kizima kikawa vipepeo.

Ile yangu ilichelewa siku kumi na moja.
Nilipoing'oa kuihamishia kwenye kiriba nikaona:
mzizi ulianza kwenda juu,
ukagundua,
ukageuka.

Wamimbi alikuja na pikipiki kununua miche.
Aliikagua mmoja mmoja, akachukua yote,
ule akaurudisha.
"Huu una kona."
Mama Mutonyi hakuuliza kitu.
Alicheka kwa pua tu.

Niliupanda kando ya njia ya choo, mvua za Machi.
Huu mwaka wa tatu.
Leo alfajiri nilitoka na kopo la maji
harufu ikanipokea kabla sijauona:
maua, meupe pe, yamejaa tawini
kama mtu kamwaga unga.
Chini, karibu na udongo, kona iko palepale.
Nikipita huigusa kwa kidole cha mguu,
hodi
ambayo siku ile sikupiga.