Nusu Saa Baada ya Tonge

Nilimwona baba akiutazama mkate
kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

Hapa Kutaisi, mgeni akiondoka na nafasi tumboni
mwenye nyumba halali kwa aibu.
Na huyu ni Avksenti Kobalia,
aliyeinua bilauri kwenye harusi za mtaa mzima,
akanena heri mpaka watoto wakasahau kucheza.
Sasa anaukata mkate wa jibini vipande vya shilingi,
anavihamisha pembeni mwa sahani,
anasema ameshiba.

Uongo. Njaa alikuwa nayo,
usiku niliisikia ikiburuta viti.
Alichokiogopa ni saa ya ukutani.
Dakika ya ishirini baada ya tonge, anaacha kuzungumza.
Ya thelathini, anakunja magoti,
na ndani yake kuna mtu anakamua nguo nzito.

Adui mwombee njaa, husemwa.
Nani basi alimwombea huyu chakula?

Nilimgombeza.
Nilidhani anamlilia mama kwa kufunga,
nikapika maharage kwa jozi na kotmiri, kama yake mama,
nikayaweka mbele yake kwa kishindo.
Akala yote, kwa ajili yangu.
Usiku ule sitaki kuusimulia.

Kilo kumi na tisa zikaondoka.
Mkanda akautoboa kwa msumari, mara tatu.
Walimpitisha kamera kooni, hawakuona kitu;
Tsiala wa ghorofa ya chini
alianza kunisalimu kwa sauti ya matanga.

Kisha daktari kijana, Lomtadze, mwenye kola iliyochakaa,
aliweka chombo chake juu ya kitovu
akasikiliza kama mpangaji anayesikiliza ukuta wa jirani.
“Kuna kitu kinavuma hapa.”
Picha ikaonyesha: mishipa mitatu huulisha utumbo,
mmoja umeziba, wa pili umebaki uzi,
wa tatu mdogo, mzigo wote juu yake.
“Ni kama bomba lenye kutu,” akaeleza.
Baba, miaka arobaini karakana ya reli,
akakasirika kwa mara ya kwanza tangu majira ya zabibu:
“Bomba haliogopi maji.”

Hawakumpasua. Hawakumlaza usingizi.
Walimtoboa kifundo cha mkono, tundu la sindano,
wakapitisha waya, mwembamba kama unywele wa farasi,
ukapanda kwapani, ukashuka kifuani,
nami nyuma ya kioo nikihesabu vigae.
Dawa ya rangi ilipomiminwa
akauliza kwa heshima kama amejikojolea.
Nesi Manana akasema, la, mzee, ni joto lake tu.
Kisha puto likavimba palipobana,
na baba akapaza sauti, karibu kwa furaha:
“Hapo! Hapo hapo! Huyo ndiye!”
kama aliyemtambua mwizi sokoni.

Puto likanywea. Likabaki wavu wa chuma,
nusu ya njiti ya kiberiti.
Kwenye kioo, palipokuwa na uzi
pakatoka tawi, na tawi likazaa vijitawi,
vyeusi, vingi, mpaka ukingoni mwa picha.
Daktari hakutabasamu. Aliuliza saa, akaandika.

Kesho yake, supu.
Sisi watatu na saa ya wodini:
mimi, yeye, na Manana aliyejifanya anakunja shuka.
Ishirini. Baba akaacha kuzungumza.
Ishirini na tano.
Thelathini, magoti yamenyooka chini ya blanketi,
nami siyaamini.
Thelathini na nane.
“Supu hii,” akasema, “aliyeipika ana ugomvi na chumvi.”

Nikatoka kwenda kutafuta chumvi.
Nikafika hadi ngazi za chini,
nikakaa.

Siku hizi ana vidonge viwili asubuhi
na pakiti ya sigara anayodhani sijui iko wapi.
Anakula. Anaomba nyongeza.
Lakini kila akiweka kijiko chini,
jicho lake moja bado hupanda ukutani,
linasubiri,
na mimi pia.