Maiti Alikunywa Chai Kwangu

Alhamisi, saa tatu kasorobo, msinigongee mlango.
Mbaazi nishaziroweka, wajukuu nishawalaza,
simu nimeifunika kwa kawa kama wali wa jana.
Anayekufa na afe kesho;
leo Inspekta Tima yuwaingia kazini.

Hamumjui Tima? Basi hamujui kitu.
Mtandio mweusi, kalamu imechomekwa sikioni,
viatu bapa kama vya mwalimu wa chuo.
Hapigi kelele. Huvuta kiti, huketi,
humtazama mshukiwa mpaka ajitaje mwenyewe,
nami hapa mkekani, sina kosa, nataka kukiri.

Anayemwigiza ni Kadzo Mwaringa, mtoto wa Kaloleni,
sauti ya mtu aliyenyamaza sana utotoni.
Sajini Gharib, yule mnene, mpenda ubuyu,
nampenda, lakini sikumwamini tangu sehemu ya tatu:
mtu gani hupokea simu huku akizima taa?
Saumu wa ghorofani asema nna roho mbaya.
Tumenuniana kwa ajili ya Gharib siku nne nzima,
hata chumvi hatukuombana.

Na Chengo! Chengo mwuaji, macho ya paka wa Marikiti!
Kumbe mchana ni mwalimu wa hesabu, Kisauni,
ana adabu zake, ana mke na mapacha.
Maskini, muuza pilipili alikataa kumuuzia:
"Waenda kumtia nani machoni, wewe?"
Nilicheka mpaka nikamwonea huruma.
Kisha Alhamisi ikaja, nikamlaani upya.

Sasa nisikizeni. Mwezi wa Rajabu walikuja kurekodi
hapa hapa Kuze, kichochoroni petu.
Wakafunga utepe toka mlango wa Saumu hadi baraza yangu,
wakamlaza maiti mbele ya meza ya mahamri,
damu ya ukwaju na rangi ya achari,
hata nzi wakaamini.
Kijana wa Likoni, jina lake Mwalimbo.
Alikufa mara sita.
Mara ya pili alipiga chafya.
Mara ya nne paka alimlamba shavu.
Kati ya kufa na kufa aliinuka, akaniuliza,
"Mama, mbaazi zimebaki?"
Akala, akanywa chai ya tangawizi vikombe viwili,
akarudi kwenye mauti yake na makombo mdomoni.
Namdai shilingi sitini.

Juzi ndiyo imeonyeshwa.
Nauona mlango wangu kwenye kioo, mkubwa kama wa watu wengine,
nayaona mahamri yangu, naye chini,
na akili yanambia: huyu umempa chai,
huyu yu hai, huyu ana deni lako.
Nikalia.
Swabra akasema, "Nyanya, si uliona ni ukwaju?"
Niliona.

Ni vile Tima alivyopiga goti, akachomoa kalamu,
akauliza, "Jina lake nani? Nani alimwona mwisho?"
Akaandika.
Ndugu yangu Shaali, huu mwaka wa kumi na moja.
Nilipofika kaunta niliulizwa kama nimekuja na kalamu.
Nikaenda nyumbani kuitafuta. Nikarudi nayo.
Zamu ilikuwa imebadilika.

Hilo sikumwambia mtoto.

Siku ile ya kurekodi, Kadzo alikaa barazani kwangu,
mguu mmoja nje ya kiatu, akijipepea kwa karatasi za maneno yake.
Nikamwomba kalamu ile, na haya zangu zote za utu uzima.
Akanipa, akacheka, akanibusu mkono.
Usiku nikaijaribu kwenye daftari la madeni,
jina la Mwalimbo, sitini.
Haina wino. Haijapata kuwa nao.

Nimeiweka pale pale, kando ya televisheni.
Wiki ijayo, Saumu akishuka na sahani yake ya kashata,
tutaona nani aliyezima taa.
Mimi nasema Gharib.
Nampenda, lakini ni Gharib.