Nukta Tisa Tano

Nimeendesha saa tano kutoka makao makuu ya jimbo,
mashamba ya viazisukari pande zote, yamevunwa, yameganda,
theluji ikivuka barabara kwa upepo
kama mtu aliyesahau kitu ng'ambo.
Kwenye kiti cha abiria, faili la Idara:
Ukaguzi wa Elimu ya Wenye Vipawa, Shule za Umma.
Kurasa ishirini na sita. Sahihi tatu.

Shule ya Dunmore Flats ina wanafunzi kumi na tisa.
Bwana Tollefsrud ndiye mkuu, ndiye dereva wa basi,
na leo, bomba lilivyopasuka, ndiye fundi.
Mikono imelowa; ananipa kiwiko nikisalimie.
"Safu ya kumi na nne," nasema. "Mmejaza sifuri."
"Hatukujaza sisi," anasema. "Ilikuja imejazwa."

Ofisini tunajisifu kwamba sheria yetu ina meno.
Meno inayo, mkate haina:
inaamuru kila mtoto atafutwe, apimwe, aandikiwe mpango,
kisha inatuma dola thelathini na moja kwa kichwa,
na kichwa kisichohesabiwa hakipati hata bahasha.
Mwalimu aliyesomea upimaji alihamia mjini mwaka juzi.
Vitabu vyake vya majaribio bado vimo ndani ya nailoni,
juu yake pameegeshwa mti wa Krismasi wa plastiki.

Darasani, nyuma, penye kichongeo kilichopigiliwa ukutani,
amesimama Yaretzi Olivas, miaka kumi,
soksi mbili, rangi mbili.
Amemaliza hesabu. Humaliza daima.
Akimaliza, Bi Kuhlmann humpa penseli za wenzake achonge.
Si ukatili. Bi Kuhlmann ana madarasa matatu chumba kimoja
na macho mekundu ya mtu asahihishaye usiku.
Kinolewacho hupata, walisema wahenga;
huyu amenoa vya wengine tangu Septemba,
penseli mia nne na kumi na mbili.
Kazihesabu.

"Humo mna nini?" akauliza faili.
Nikatazama mlango. Kisha nikamfungulia.
Alisoma kanuni ya mgao polepole,
kidole chini ya kila mstari,
kama watu wasomavyo barua waliyoingoja.

"Watano kwa kila mia," akasema.
"Sisi kumi na tisa. Hiyo ni sifuri nukta tisa tano."
"Ndiyo."
"Na kompyuta yenu inakata mkia."
Sikujua.
Miaka minane nimebeba fomu ile, na sikujua.
"Basi mimi ni nukta tisa tano."
Akazungusha mkono wa kichongeo mara mbili, akapuliza unga.
"Tukifika ishirini nitakuwa mmoja. Mama ana mimba,
lakini huyo mpaka aanze shule
mimi nitakuwa na kumi na tano na ushei."

Nilikaa garini, injini ikiunguruma, nikaipitia orodha ya jimbo.
Shule zisizofika wanafunzi ishirini: sitini na tatu.
Mahali pote sifuri, sifuri, sifuri,
zimepangwa wima kama mayai kwenye trei,
na sisi kila mwaka tukiandika chini yake: Imekaguliwa.
Imeonekana sawa.

Maoni ya mkaguzi yametengewa mistari miwili.
Tumia wino mweusi tu, yasema maelekezo.
Kalamu yangu ilikuwa imeganda.
Nikarudi ndani. Akachagua moja kwenye kopo,
akaijaribu ncha kwa kidole gumba.
"Usiikandamize," akasema. "Hizi za serikali huvunjika."

Sikuikandamiza.
Sentensi ya kwanza ilikuwa yake, neno kwa neno, pamoja na ule mkia.
Ya tatu ilimaliza mistari.
Ya nne ikavuka mpaka, ikaingia kwenye kisanduku cha kijivu
kilichoandikwa: Kwa Matumizi ya Ofisi Pekee.