Sakafu ya Chumba cha Mama

Vipande viwili vimelala mezani tangu Jumamosi,
kila kimoja urefu wa mkono na kiganja.
Nimepewa bure, duka la nyuma ya Mwembe Tayari,
muuzaji akinihesabia kwa vidole vyenye vumbi la mbao:
lamineti, dada, haichubuki, yatandikwa siku moja;
mwanzi, dada, ni bei, lakini mwanzi ni mwanzi.
Nikamwuliza maana yake nini.
Akacheka, akanisogezea kikokotoo.

Chumba ni futi kumi kwa kumi na mbili.
Saruji yake ilikuwa nyekundu zamani,
Mama akiisugua kwa kumbi la nazi kila Alhamisi
mpaka tukiona nyuso zetu chini, meno na yote.
Sasa ina ufa toka mlangoni hadi mvunguni,
ufa unaoikamata fimbo yake,
na mara mbili mwaka huu nimemwokota.

Lamineti naipenda, sisemi uongo.
Ina rangi ya mvule, ina mafundo ya mvule,
ila fundo lile lile larudi kila hatua tatu
kama mtu mwenye kisa kimoja katika kila arusi.
Chini ya picha ni unga wa mbao na gundi.
Mwanzi una pingili zake mwenyewe,
na rangi ya chai iliyozidi maziwa.

Usiku nikavizamisha vyote kwenye beseni,
maana hapa Tudor hewa yenyewe ni maji,
chumvi yala misumari ndani ya ukuta,
na Mama akishatawadha huacha njia ya matone
toka bombani hadi kwenye mswala.
Alfajiri lamineti ilikuwa imevimba kingo
kama hamri iliyotiwa mafutani.
Nikadhani basi, kesi imekwisha.
Lakini mwanzi nao ulikuwa umepinda, kidogo,
kama mtu afichaye maumivu ya kiuno,
na Fundi Mwachiro alipokuja kupima akasema
mchwa hawachagui, wao hula tu.
Akataja bei ya dawa. Akataja nauli ya Kisauni.
Akanywa maji, akataja bei nyingine.

Kaka yangu Shee akapiga simu toka Maskati:
"Tia vigae, umalize."
Vigae vikilowa ni sabuni, nikamwambia,
nawe hutakuwapo wa kumwinua.
Simu ikakatika, au akaikata.

Mama hakuuliza bei.
Macho yake yaliondoka mwaka juzi,
moja kwanza, la pili likalifuata kama ndugu.
"Viweke chini," akasema, "nivisikie."
Akavua ndara, akagonga kwa fimbo, akagonga kwa kisigino.
Lamineti: ko, ko.
"Hii yalia kitupu. Watu wote watakuwa mmoja humu."
Mwanzi: du.
Akasimama juu yake kitambo,
vidole vya miguu vikitafuta pingili
kama vya mkono vitafutavyo punje za tasbihi.
"Mwite mtoto apite."
Athmani akapita mbio, hatua moja, akaruka upande wa pili.
"Uyu kiatu kimoja hakukifunga."
Nikatazama. Kweli.

Hivyo ndivyo zilivyokwenda pesa za friji.

Jumatano Mwachiro akapiga ubao wa mwisho,
akazoa vumbi lake, akatuachia harufu ya vanishi.
Usiku nikaingia na uji, peku, pole pole.
Mama akageuza kichwa.
"Nani?"
Miaka arubaini na mitatu naingia chumba hiki,
hajaniuliza hilo hata siku moja.
"Ni mie."
"Mie nani?"
"Rukiya, Mama."
Akanyamaza. Uji ukitoa moshi mkononi mwangu.
"Rudi mlangoni," akasema, "uje tena."

Nikarudi. Nikaja. Nikarudi.
Mpaka leo, wiki ya pili, twaingia tukijitaja,
mimi, Athmani, jirani aletaye maziwa,
na kile kipande cha lamineti kilichovimba
nimekisokomeza chini ya mlango
upepo usiufunge.