Kidole cha Mawese

Ukungu wa ziwani na ukungu wa kwenye picha
jina lao ni moja, na hapa Bukavu ni ndugu kweli:
yule anapanda asubuhi mpaka Kadutu,
huyu anabaki kabatini, amelala juu ya nyuso.
Nimeona bibi harusi aliyeota kijani kwenye shela.
Nimeona katekista aliyeliwa na mende, kuanzia viatuni.

Kazi yangu naijua.
Brashi ya manyoya ya mbuzi. Pamba.
Maji ya mvua yaliyochujwa mara tatu
(ya bomba yana chokaa, tena hayaji kila siku).
Mkebe wa mchele mkavu, unaokunywa unyevu polepole
kama mgeni mwenye adabu.
Usisugue. Jina liandike nyuma, kwa penseli;
wino haujui kukaa upande mmoja.

Jumanne akaja Nsimire, binti Cirhuza,
na fremu ndani ya kitenge. Kioo kimevunjika,
kipande kimoja hakipo, kilichobaki kimegandana
na mwanamume wa studio ya Nyawera:
koti la kuazima, mitende ya kuchorwa,
mkono juu ya redio isiyo yake.
Penye pengo la kioo, shavuni, doa jekundu.

Nilimloweka mpaka kioo kikamwachia.
Picha ikilowa huwa laini kama utando wa maziwa;
nilishika pumzi.
Doa nikalipa spiriti, pamba baada ya pamba,
likatoka na rangi ya mawese. Shavu likawa shavu.
Nilijisifu, sifichi. Nilimpigia mluzi mke wangu aje aone.

Nsimire akaitazama. Akaigeuza. Akaigeuza tena.
«Na kidole ya mama iko wapi?»

Kila jioni, akasema, akitoka jikoni,
kabla hajanawa, mama alimgusa pale.
Miaka ishirini na minane. Pale pale.
Alimuuliza kama leo atakula.

Mama walimzika Machi.

Alilipa. Hakuomba nimpunguzie, na hilo ndilo lililonichoma.

Usiku umeme ulikatika. Nikapekua ndoo kwa tochi,
pamba moja moja, mpaka nikaipata
yenye duara dogo la chungwa,
lisilo na mistari ya kidole cha mtu yeyote.
Imo kwenye bahasha, pamoja na mchele kidogo.
Nyuma nimeandika kwa penseli: *shavu*.

Fremu yake nyingine iko mezani, ya ubatizo.
Kuna doa kwenye pindo la gauni.
Sijaigusa. Kwanza nitamuuliza ni la nani.