Mikono Isiyo Yake

Kichwa cha habari nilikiandika mimi,
saa tatu usiku, chai imepoa, ukurasa una pengo:
KIKONGWE ALIZWA AKIBA YA MAISHA.
Maneno matano. Yakaenea sawasawa.

Picha nikaitoa ghalani: mikono ya mzee
imekumbatia pochi tupu.
Sijui ni ya nani. Mwaka huu tumeitumia mara nne:
bei ya makaa, pensheni, homa ya mafua,
na sasa mwanamke wa ghorofa ya tatu, hapa hapa Radom.

Asubuhi akapiga simu. Sauti kavu, ya mtu anayejumlisha.
"Mimi Bronisława Kmiecik. Yule kikongwe wenu.
Chukua kalamu.
Nina miaka sabini na minane, si themanini na saba.
Miaka thelathini na moja nimekagua vitabu vya kiwanda cha viatu,
nikanasa wezi watatu, mmoja mkurugenzi.
Hakuna aliyeniona nikilia.
Na ile mikono si yangu."

Nikauliza, kwa adabu ya kazi, basi ilikuwaje.
Akanyamaza. Kwake birika lilikuwa likilia.

"Alisema, Bibi, ni mimi, nimemgonga mtu.
Kacper wetu, tangu utotoni, akilia
sauti humpotea, hutoa ya mtu mwingine.
Ile sauti ngeni ndiyo iliyonithibitishia.
Kisha akaja mwendesha mashtaka kwenye simu,
mpole, mwenye haraka kidogo.
Zloti elfu arobaini na mbili. Nilizihesabu mara mbili.
Zilitimia."

Polisi walituambia: wazee wawe macho.
Tukachapa hivyo hivyo: wazee wawe macho.
Nani aliuza namba yake, hatukuuliza.
Aliyefuata mfuko tulimpa neno moja: anasakwa.

"Na mmeacha jambo," akasema.
"Juu ya pesa niliweka chupa mbili za jamu ya plamu.
Kituoni, nilijua, hawatampa kitu cha maana.
Kijana wa langoni aliuliza, nini hiki kizito?
Nikamwambia, jamu, usivunje.
Akaupokea mfuko kwa mikono miwili.
Akasema, asante, bibi.
Hiyo mikono ndiyo mngepiga picha."

Marekebisho yalitoka Alhamisi, ukurasa wa kumi na moja,
chini ya matangazo ya matairi:
*Umri wa mhusika ni miaka 78.*

Jamu haikupata nafasi.