Herufi Mia Mbili

Kamati imenipa kazi mimi, kwa kuwa nilikuwa karani wa mizani
chama cha msingi cha tumbaku, miaka kumi na tisa,
na mwandiko wangu unasomeka.
Shule mpya ya Isunuka itaitwa Mtemi Lusangija.
Niandike maneno ya jiwe la ukutani.
Fundi Ntundu anatoza herufi moja shilingi mia tatu;
fedha iliyobaki baada ya bati ni elfu sitini.
Basi nina herufi mia mbili za kumpima mtu.

Nimeanza na lililo jepesi. Mtemi ni mwenye kutema.
Alitema msitu mpaka Mto Ugalla ukaonekana.
Alitema mashauri ikuluni kabla jogoo hajawika,
na mjane, alisema bibi Kalunde, hakurudi na machozi aliyokwenda nayo.
Alitema na shingo.
Neno ni lile lile. Panga, sijui.

Alikalia njia ya pembe kama chui juu ya tawi,
misafara ikalipa hongo: kaniki, shaba, gobori.
Hapo Mwenyekiti Mgalula akapiga meza:
"Hilo! Andika hilo!"

Lakini nyumba ya nne kutoka kisimani
kuna watu wasio na jina la kutaja siku ya tambiko.
Ukiwauliza wametoka wapi, husema, "Tulikuja."
Hawakuja. Waliletwa,
ukanda wa ngozi shingoni, rugaruga wakicheka pembeni,
kijiji kikiwaka nyuma yao kama mwenge wa mrina asali.
Mama yangu ni wa nyumba hiyo.
Baba yangu alijitapa kwa Lusangija hadi homa ya mwisho.

Lugha nayo haisaidii. Mzinga ni wa nyuki,
mzinga ni wa baruti.
Asali yetu nyeusi, tamu,
halafu inakuna koo.

SHUJAA ni herufi sita.
MUUAJI ni herufi sita.
Nimehesabu mara mbili. Bei moja.

Kwenye mizani nilijifunza jambo hili:
mkulima hulowesha robota usiku ili lizidi,
karani huegemeza kidole gumba ili lipungue,
na wote wawili huapa kwa mama zao.
Kidole changu nakijua. Kilijenga nyumba ninamolala.

Jana jioni nimempelekea fundi karatasi:
MTEMI LUSANGIJA ALITEMA HAPA.
Herufi ishirini na tano. Elfu saba na mia tano.
"Na kwingine kote?"
Kuache.
Ntundu akacheka, jiwe likiwa magotini, vumbi kwenye kope.
"Patupu sitozi, karani."
Akanyoosha mkono achukue karatasi,
akaivuta, haikutoka,
akanitazama, akakitazama
kidole gumba changu.